Waliowapanga Wadudu

Mwaka 1668 mgeni mkubwa alifika kwenye nyumba ya mfamasia mmoja wa Amsterdam. Alikuwa Cosimo de' Medici, mrithi wa kiti cha Toscana, na alichofuata ni hazina iliyojaa humo ndani: makombe, vyombo vya kaure, wanyama waliokaushwa, na wadudu wengi waliokusanywa na kijana wa mwenye nyumba, Jan Swammerdam. Kijana huyu alikuwa amehitimu udaktari Leiden mwaka uliotangulia, lakini hakuwa na haja na wagonjwa, jambo lililomkera sana baba yake. Mbele ya mgeni alimchukua kiwavi aliyekaribia kugeuka, akamchuna ngozi polepole kwa kifaa chenye ncha nyembamba. Chini ya ngozi mlikuwa na mabawa. Yalikuwa laini, yamekunjwa na kubanwa ubavuni, na kando yake papasi, miguu mirefu na mrija wa kunyonyea maua. Kwa nje alikuwa bado kiwavi, na kipepeo tayari yumo ndani.

Cosimo aliahidi florini 12,000 kwa mkusanyiko wote, kwa sharti kwamba Swammerdam ahamie nao Florence. Swammerdam alikataa. Hakuwa mtu wa kukaa ikulu.

Mwana wa mtawala alistaajabu kwa sababu wasomi wa zama zake walifundisha kinyume cha alichokiona. William Harvey, yule aliyeeleza mzunguko wa damu, aliamini kwamba mdudu huumbika kwa mkupuo: kiwavi anakwisha, kinabaki kitu kisicho na umbo ndani ya ganda, na kutoka humo kiumbe kingine kinaumbwa upya. Mawazo ya namna hiyo yalikuwa na mizizi mirefu. Karne ya 4 kabla ya Kristo, Aristotle aliandika kwamba wadudu wengine huzaliwa na wenzao, lakini wengine hutokea kwenye umande, matope, samadi au mti unaooza.

Tusimcheke. Mtu huyohuyo ndiye aliyeanza kuwapanga wadudu kwa mabawa, na alikuwa na jicho kali. Aliwatenga wenye mabawa yaliyofunikwa kwa ala ngumu, ambao ndio mbawakawa na dundu, akawatofautisha wenye mabawa manne na wenye mawili. Kisha akaongeza jambo ambalo hadi leo linamfaa yeyote anayeogopa kuumwa: mdudu wa mabawa mawili hana mwiba nyuma, silaha yake iko mdomoni, kama mbu; mwenye mwiba nyuma, kama nyuki, ana mabawa manne. Ukimwona mdudu mwenye mistari ya manjano na nyeusi akielea juu ya ua, ukahesabu mabawa ukapata mawili tu, huyo ni nzi anayejifanya nyigu. Mwache aendelee na shughuli zake.

Mwaka uleule wa 1668, daktari wa ukoo wa Medici, Francesco Redi, alichapisha kitabu Florence kuhusu uzazi wa wadudu. Jaribio lake linafanyika katika jiko lolote. Alitia nyama kwenye vyombo: nyoka, samaki, mikunga na nyama ya ndama. Vyombo vingine aliviacha wazi, vingine akavifunga. Vya wazi vilijaa funza, vilivyofungwa nyama ilioza bila funza hata mmoja. Watu wakasema amezuia hewa, na bila hewa uhai hautokei. Redi akafunika vyombo kwa kitambaa chenye matundu madogo kinachopitisha hewa. Nzi walivutwa na harufu, wakakosa njia, nyama ikabaki bila funza. Aliwafuga funza pia hadi wakageuka nzi. Lakini hakuweza kuachana kabisa na mafundisho ya kale: alipokuta lava, yaani mdudu mchanga, ndani ya vinundu vya majani ya miti, alidhani mti wenyewe ndio uliomzaa.

Swammerdam hakukubali hata hilo. Mwaka 1669 alitoa kitabu chake cha kwanza juu ya wadudu, na ndani yake mna mpango ambao kwa maoni yangu ulistahili sifa kubwa kuliko ulizopata. Hakuwapanga wadudu kwa mabawa wala kwa miguu. Aliwapanga kwa jinsi wanavyokua.

Kundi lake la kwanza ni la wanaotoka kwenye yai wakiwa na umbo la wazazi wao, kazi iliyobaki ni kuongezeka ukubwa tu, kama chawa. La pili ni la wanaoanguliwa bila mabawa, wakawa tunutu wanaotembea na kula, na kila wanapojichuna ngozi vijibawa vinakua mgongoni hadi siku ya kuruka. Humo aliwatia panzi na kereng'ende. La tatu ni la wanaopitia pupa, yaani kile kipindi cha kukaa kimya kabla ya kutoka na mabawa: mbawakawa, vipepeo, nyuki, chungu. La nne ni la nzi, ambao pupa yao haionekani kwa sababu inajificha ndani ya ngozi ya mwisho ya funza iliyokakamaa. Kasoro zilikuwepo. Buibui aliwaweka pamoja na chawa. Lakini mwanafunzi wa leo anayejifunza mabadiliko kamili na mabadiliko yasiyo kamili anasoma, bila kuambiwa, makundi ya tatu na ya pili ya kijana wa mfamasia.

Alimpasua pia yule aliyeitwa mfalme wa nyuki, akamkuta na ovari zilizojaa mayai. Kisha dini ilimlemea. Alianza kuona kwamba muda anaotumia kwenye hadubini anamnyima Mungu, akamfuata mwanamke mmoja mwenye karama za kiroho, Antoinette Bourignon, akarudi kwenye wadudu, akaugua, akafa mwaka 1680 akiwa na umri wa miaka 43. Kazi yake kubwa ilikaa bila kuchapishwa zaidi ya nusu karne, hadi daktari Herman Boerhaave alipoitoa mwaka 1737 na 1738.

Swammerdam alipokuwa bado hai, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa akifuata njia hiyohiyo bila chuo kikuu. Maria Sibylla Merian alizaliwa Frankfurt mwaka 1647 katika nyumba ya wachoraji na wachapaji. Mwaka 1660, akiwa na miaka 13, alianza kufuga viwavi wa hariri, kisha viwavi wowote aliowaokota bustanini. Wakusanyaji wa enzi zile walichora kipepeo peke yake, amenyooshwa mabawa kwenye karatasi nyeupe. Merian alichora mmea, na juu ya mmea huohuo mayai, kiwavi akitafuna jani, pupa ikining'inia, kipepeo ametoka, na mara nyingine nyigu mdogo aliyetoka mahali pa kipepeo kwa sababu kiwavi alikuwa ameshavamiwa. Ili kuchora hivyo ni lazima umlishe kiwavi kila siku jani analolitaka yeye, na wengi hawali jani jingine hata kwa njaa. Kuchora kwenyewe hakukuwa sehemu ngumu.

Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake kwenda Suriname, koloni la Waholanzi huko Amerika Kusini. Mabwana wa mashamba walimcheka: nchi yenye sukari, na huyu mama anatafuta viwavi! Waliomsaidia ni wenyeji wa Amerika na Waafrika waliokuwa watumwa. Wao ndio waliojua mti gani una mdudu gani, wakamfyekea njia na kumletea funza na viwavi, naye aliandika katika kitabu chake mambo aliyoambiwa nao. Majina yao hakuyaandika. Maradhi yalimrudisha Amsterdam mwaka 1701, na mwaka 1705 kitabu chake kuhusu mabadiliko ya wadudu wa Suriname kikatoka kikiwa na michoro 60.

Kwa hiyo, mwanzoni mwa karne ya 18, ungetarajia wadudu wapangwe kwa maisha yao. Haikuwa hivyo. Alikuja Carl Linnaeus wa Sweden, naye alikuwa na tatizo jingine kabisa. Meli zilikuwa zikileta Ulaya masanduku ya wadudu waliokufa, waliochomwa pini, kutoka pande zote za dunia. Hakuna aliyejua lava zao zikoje. Aliyehitaji kuwapa majina ilibidi atumie kilichoonekana kwenye pini, na kilichoonekana vizuri zaidi ni mabawa.

Katika toleo la 10 la kitabu chake cha kupanga viumbe, mwaka 1758, Linnaeus aliwagawa wadudu katika makundi makubwa saba aliyoyaita oda. Wenye mabawa ya mbele magumu kama ala walikuwa Coleoptera. Wenye mabawa nusu magumu, kunguni na jamaa zao, Hemiptera. Wenye mabawa ya magamba, vipepeo na nondo, Lepidoptera. Ukimshika kipepeo na vumbi likabaki vidoleni, umeshika magamba hayo. Wenye mabawa yenye mishipa mingi, Neuroptera. Wenye mabawa manne ya utando mwembamba, nyuki na nyigu, Hymenoptera. Wenye mawili, nzi na mbu, Diptera. Na wasio nayo kabisa, Aptera.

Mpango huu ulikuwa rahisi kutumia, na ndiyo sababu ulishinda. Lakini tazama oda ya saba: chawa, kiroboto, mchwa, buibui, nge, tandu, jongoo, hata kaa, wote walitupwa humo kwa kosa moja la kukosa mabawa. Mende na panzi nao aliwaweka kwenye oda ya mbawakawa. Swammerdam asingefanya hivyo. Panzi hana pupa, mbawakawa anayo. Kiroboto ana lava na pupa, chawa hana. Aliyewahi kuwafuga asingewachanganya.

Mwanafunzi wa Linnaeus, Johann Christian Fabricius wa Denmark, aliona udhaifu huo akaufuata kwa njia nyingine: akaacha mabawa, akachungulia mdomoni. Mwaka 1775 alichapisha mpango unaotegemea viungo vya kulia, taya za kutafuna na mirija ya kufyonza. Alizipa majina karibu spishi 10,000 za wadudu, lakini mpango wenyewe ulikuwa mgumu mno, kwa maana kuupima mdomo wa mbu kwa lenzi za wakati ule ni kujitafutia upofu.

Aliyeunganisha vipande alikuwa padri wa Kifaransa, na ilibaki kidogo asiishi kuifanya kazi hiyo. Pierre André Latreille alikamatwa baada ya Mapinduzi ya Ufaransa pamoja na mapadri wengine waliokataa kula kiapo cha utii kwa serikali, akafungwa katika gereza la Bordeaux. Siku moja daktari alipita kukagua wafungwa, akamkuta amepiga magoti sakafuni anatazama kitu. Kilikuwa kijidudu kidogo cha rangi ya buluu chenye kifua chekundu, mbawakawa wa wale wanaoishi kwenye mizoga na nyama kavu. Latreille akamweleza kwamba huyo ni adimu sana. Daktari alimchukua mdudu akampelekea kijana wa miaka 15 aliyependa elimu ya viumbe, Bory de Saint-Vincent. Kijana alikuwa amesikia habari za Latreille, akawahangaisha watu wenye vyeo hadi padri akatolewa. Ndani ya mwezi mmoja wafungwa wenzake wote walikuwa wamekufa. Mdudu huyo anaitwa Necrobia ruficollis, na amechongwa kwenye jiwe la kaburi la Latreille huko Paris kama mwokozi wake.

Mwaka 1796 Latreille alitoa kitabu kidogo kilichogawa wadudu kwa kutazama sifa nyingi kwa pamoja: mabawa, mdomo, papasi, miguu na ukuaji. Lile furushi la Aptera likaanza kufunguliwa. Kaa, buibui na tandu walitolewa kabisa katika wadudu, na mwaka 1825 Latreille akawapa viroboto oda yao, Siphonaptera. Mlango wa oda za leo ulifunguka hapo.

Mchwa wanastahili neno lao. Mwaka 1781 Henry Smeathman, Mwingereza aliyekaa Sierra Leone, alichapisha London maelezo marefu ya vichuguu, malkia aliyevimba tumbo na kushindwa kutembea, wafanyakazi na askari, na kumbikumbi wanaoruka mvua inapoanza na kudondosha mabawa yao muda mfupi baadaye. Wasomaji wake walishangaa. Kwa wenyeji haikuwa habari. Walikuwa wakiwala, na Smeathman naye aliwala wakiwa wamekaangwa, akawasifu. Kwa mama wa kandokando ya Ziwa Viktoria anayefunika kichuguu baada ya mvua na kusubiri na chombo chake, hakuna jipya katika kurasa hizo. Lakini oda ya Linnaeus ya wasio na mabawa haikumfaa mdudu ambaye ana mabawa kwa muda mfupi tu.

Njia ya Swammerdam ilirudi taratibu. Huko Vienna, mwaka 1885, Friedrich Brauer alionyesha kwamba kukosa mabawa kuna aina mbili: wapo ambao ukoo wao haujawahi kuyapata, na wapo ambao mababu waliyapata yakapotea, kama kiroboto na chawa. Baadaye Mwingereza David Sharp akawagawa wenye mabawa kwa swali moja: bawa linakulia wapi? Kwa panzi, kunguni na mende linakulia nje, linaonekana mgongoni mwa tunutu. Kwa mbawakawa, kipepeo, nyuki na nzi linakulia ndani ya mwili wa lava, halionekani mpaka pupa. Ni kile ambacho Cosimo alikiona mezani.

Wakati huo mambo haya yalikuwa yameacha kuwa ya wakusanyaji tu. Mwaka 1895 David Bruce, daktari wa jeshi la Uingereza, alikuwa Zululand akichunguza nagana, ugonjwa uliokuwa ukiua ng'ombe. Wafugaji walikuwa wanajua kwamba mbung'o anahusika. Bruce aliona kimelea kwenye damu ya mifugo, na alipowaweka mbung'o kizuizini aliona jambo la ajabu: jike halitagi yai. Hujifungua lava mmoja mkubwa wa rangi ya manjano hafifu. Lava huyo hali kitu, kwa kuwa amelishwa tumboni mwa mama kwa takriban siku tisa. Hujichimbia mchangani na baada ya muda mfupi ngozi yake inakuwa ngumu na nyeusi. Pupa imo ndani. Ikitimia, kwa kawaida baada ya mwezi hivi, nzi aliyemo huvimbisha kifuko kilicho kwenye paji la uso, akasukuma kifuniko cha ganda, akajipenyeza katika mchanga hadi juu, kisha kifuko kikarudi ndani na kufungika moja kwa moja.

Hilo ni kundi la nne la Swammerdam, barabara kabisa. Na lina uzito wake: mdudu anayezaa mtoto mmoja kila baada ya siku tisa au kumi ana uzazi mdogo mno akilinganishwa na nzi wa jikoni, ndiyo maana mitego michache iliyowekwa vizuri inaweza kumpunguza. Huwezi kumpiga mbu kwa hesabu hiyo.

Karne ya 20 ilipoanza, orodha ilionekana kukaribia kukamilika. Mwaka 1913 Filippo Silvestri wa Italia aliwaelezea Zoraptera, vidudu vidogo vya chini ya magome ya miti, na mwaka huohuo E. M. Walker aliokota karibu na Banff, Canada, mdudu asiye na mabawa apendaye baridi kali, akamchapisha mwaka uliofuata. Huyo naye akaishia kuwa oda. Baada ya hapo, miaka karibu 90 ilipita bila oda mpya ya wadudu walio hai.

Mwaka 2001 Oliver Zompro, Mjerumani aliyebobea katika wadudu wanaofanana na vijiti, alikuwa na tatizo mkononi: mdudu aliyenaswa kwenye kaharabu ya Baltiki mamilioni ya miaka iliyopita, asiyefanana na oda yoyote. Si kijiti, si vunjajungu, si panzi. Alipopekua makumbusho alimkuta jamaa yake London, dume lililokamatwa Tanganyika mwaka 1950 na kuwekwa bila mtu kujua ni nini. Makumbusho ya Berlin yakatoa mwingine, jike la Namibia. Zompro na wenzake, akiwemo Klaus-Dieter Klass, waliwachapisha mwaka 2002 katika jarida la Science kama oda mpya, Mantophasmatodea, na mwezi Machi mwaka huo msafara ulikuwa umewapata wakiwa hai kwenye mlima Brandberg, Namibia.

Alama zao hazihitaji hadubini kali. Wana urefu wa sentimita mbili hivi, hawana mabawa wakiwa watoto wala wakubwa, huwinda wadudu wengine, na hutembea wakiwa wameinua ncha za miguu juu. Ukuaji wao ni wa kundi la pili, tunutu bila pupa. Jike huweka mayai katika kifuko cha mchanga ulioshikanishwa kwa ute, nayo hungoja humo kiangazi chote mpaka msimu wa mvua. Dume na jike huitana kwa kugonga tumbo chini.

Miaka mitano baadaye orodha ilipungua. Vinasaba vilionyesha kwamba mchwa wamo ndani ya ukoo wa mende, na mwaka 2007 wataalamu wa London walipendekeza oda ya mchwa ifutwe. Kumbikumbi wa kukaanga leo wamo katika oda ya mende, Blattodea. Anayekula asiambiwe akiwa bado mezani.

Dume la Tanganyika nalo mwaka 2003 lilihamishiwa kwenye jenasi yake peke yake, Tanzaniophasma. Yote niliyoeleza kuhusu mayai, tunutu na kugonga tumbo yametoka kwa ndugu zake wa Namibia na Afrika Kusini, waliofugwa na kutazamwa wakiwa hai. Yeye alipewa jina kwa kutazamwa mwili mkavu, kama wadudu wa Linnaeus.